Mama, Watoto Wawili na Mkojo Uliogeuka Kijani

ZUHURA: Karibuni tena wapenzi wasikilizaji. Niko na kaka Daudi, na leo tunamzungumzia Asbjørn Følling, daktari wa Norwei aliyegundua ugonjwa wa kurithi uitwao fenilketonuria, kwa kifupi PKU. Alisomea kemia kwanza, udaktari ukaja baadaye. Kemia ile ndiyo iliyomsaidia.

DAUDI: Hii ni Oslo, mwaka 1934.

ZUHURA: Ndiyo. Mama mmoja ana watoto wawili, binti wa miaka sita na kitu na mvulana wa miaka minne. Walizaliwa wazima, kisha akili ikadumaa. Amezunguka kwa madaktari bila kupata jibu, na kuna jambo halimtoki moyoni: watoto wana harufu ya uvundo isiyoisha hata akiwaogesha.

DAUDI: Dada Zuhura, mama wa aina hiyo hata leo anaambiwa arudi nyumbani akapumzike.

ZUHURA: Følling hakumrudisha. Alichukua mkojo, akadondoshea kloridi ya feri, kemikali yenye chuma, kipimo cha kawaida siku zile kwa wenye kisukari. Kwa kawaida rangi hubaki ya kahawia, na kwa kisukari kilichozidi huwa zambarau. Huu uligeuka kijani kilichokolea.

DAUDI: Labda ni dawa walizokuwa wakinywa?

ZUHURA: Naye aliwaza hivyo hivyo! Akamwambia mama asimamishe dawa zote kwanza. Kijani kikatokea tena. Mama akawa anamletea mkojo lita kwa lita, naye akauchuja na kuusafisha hadi akapata fuwele za asidi ya fenilipiruviki. Hapo akaenda kwenye vituo vya wenye mtindio wa ubongo, akapima watu 430. Wanane wakatoa kijani kile kile.

DAUDI: Tuwaeleze wasikilizaji tatizo lenyewe. Nyama, samaki, maziwa, maharage, vyote vina fenilalanini, moja ya viungo vinavyojenga protini. Ini lina kimeng'enya, yaani protini ya kazi hiyo, cha kuibadilisha. Mtoto akirithi jeni mbovu kwa baba na kwa mama, kimeng'enya hakifanyi kazi. Fenilalanini inajaa kwenye damu na kuharibu ubongo unaokua, na nyingine inageuka asidi ile ya fenilipiruviki inayotoka kwenye mkojo.

ZUHURA: Na wazazi wenyewe ni wazima kabisa. Kila mimba yao ina uwezekano wa 1 kati ya 4 wa kupata mtoto mgonjwa. Nasisitiza hapo kwa sababu najua nyumba ambazo mama amebebeshwa lawama, mara karogwa, mara laana ya ukoo.

DAUDI: Tiba je?

ZUHURA: Ilichelewa. Mwanzoni mwa miaka ya 1950, Birmingham, Uingereza, mama mwingine alikuwa akimfuata daktari Horst Bickel maabara kila asubuhi: umempatia nini mwanangu? Bickel na wenzake wakatengeneza chakula cha protini iliyotolewa fenilalanini kwa mkaa maalumu. Binti wa mama huyo alikuwa hawezi hata kukaa. Baada ya miezi kadhaa akaanza kutambaa, akaacha kujigongagonga kichwa.

DAUDI: Lakini ubongo ulikuwa umeshaumia.

ZUHURA: Ndiyo maana namheshimu sana Robert Guthrie, Mmarekani. Mpwa wake wa kike alikuwa na ugonjwa huu. Miaka ya 1960 akaleta kipimo cha tone la damu ya kisigino kwenye karatasi, mtoto akiwa na siku chache tu. Akianza chakula hicho maalumu mapema, anakua na akili yake timamu.

DAUDI: Karatasi za namna hiyo tunazo hata huku, kina mama! Ndizo wanazotumia kliniki kuchukua damu ya kichanga aliyezaliwa na mama mwenye VVU.

ZUHURA: Tena chukua kopo la soda isiyo na sukari, usome maandishi madogo. Mara nyingi utakuta onyo kwamba ina fenilalanini, kwa sababu ya kitamu kiitwacho aspatame.

DAUDI: Na msichana mwenye ugonjwa huu aliyekua salama, akitaka kubeba mimba?

ZUHURA: Arudi kwenye masharti ya chakula kabla hajashika mimba. Damu yake ikizidi fenilalanini, mtoto tumboni anaumia ubongo na moyo, hata kama yeye mtoto hakurithi ugonjwa.