Viatu Vyeusi vya Katesh: Wanafunzi wa Chuo Wanapoenda Kwenye Maafa

NEEMA: Karibuni tena wasikilizaji, niko na kaka Baraka, na leo tunaongelea Hanang mkoani Manyara, yale maporomoko ya tope ya tarehe 3 Desemba 2023, ila zaidi tunaongelea shule. Baraka, wewe na wenzako wa chuo mlienda Katesh, mji wa hukohuko Hanang, mwezi uliofuata, si ndio?

BARAKA: Tulienda dada. Kwa ambao hawakufuatilia, ilikuwa Jumapili asubuhi, mvua za El Niño zimepiga kweli kweli, kipande cha Mlima Hanang ambacho mwamba wake ni laini kikanyonya maji mpaka kikameguka, likashuka tope na mawe na magogo mpaka Katesh mjini, Jorodom, Gendabi huko. Serikali ilihesabu watu 89 waliofariki. Sasa walionusurika wakahifadhiwa wapi? Shuleni, maana Desemba wanafunzi wako likizo, ndo madarasa yakawa kambi.

NEEMA: Na Januari 8 shule zinafunguliwa.

BARAKA: Hapo sasa. Nguo zilishafika nyingi sana kutoka nchi nzima, Watanzania walijitoa, Mungu awabariki. Sasa kuna mama mmoja nimempa mzigo, ameshukuru vizuri kabisa, halafu akaniuliza kwa sauti ya chini, "mwanangu, viatu vyeusi hamna?" Binti yake kachaguliwa form one, sare hana, daftari hana, na hicho kiatu ndo hana.

NEEMA: Jamani. Unajua watu wanasema elimu bure, na kweli ada hakuna mpaka form four tangu 2016, form five na six wakaongezewa 2022, ni jambo kubwa mno. Lakini sare anashona mzazi. Sasa mzazi duka lake liko chini ya tope, ana watoto watatu, anaanzia wapi? Mtoto ataona aibu kwenda na kandambili, anakaa nyumbani wiki, wiki inakuwa mwezi, na hapo hakuna hata aliyemkataza shule.

BARAKA: Alafu kuna vyeti. Baba mmoja alikuja na mfuko wa nailoni, ndani cheti chake cha form four, kimegandana na karatasi zingine, akakifungua taratibu pale mezani, namba ya mtihani inasomeka, jina limefutika nusu. Anauliza ndo basi tena? Tukamwambia hapana mzee wangu, NECTA, baraza la mitihani, wana utaratibu wa cheti mbadala, na kama kimepotea kabisa unaanzia polisi unachukua taarifa ya upotevu, unatangaza gazetini, unajaza fomu, unalipia. Na cheti cha kuzaliwa unakifuata RITA, wale wanaosajili vizazi na vifo, bila hicho kijana wako hata mkopo wa chuo hapati. Hizo fomu sisi wanafunzi tunazijua vizuri, si ndo tulizojaza wenyewe kuomba mkopo, kwa hiyo tukakaa na simu zetu na pawabenki, foleni ikawa ndefu kuliko ya nguo.

NEEMA: Hiyo nimeipenda sana, kwa sababu hapo msomi anaonekana ana faida gani kwa watu.

BARAKA: Na mwenzetu mmoja ni binti wa wafugaji wa hukohuko Manyara, anasoma ualimu, alivyoanza kuongea Kibarabaig bibi mmoja akamshika mkono hamwachii, anataka kujua anasoma miaka mingapi, nani analipa, na mjukuu wake naye anaweza? Walikaa pale karibu mchana mzima. Hotuba zetu zote hazikufikia yale mazungumzo.

NEEMA: Na Aprili 2024 Rufiji na Kibiti nao mafuriko. Kikundi cha wanafunzi kikitaka kwenda sehemu kama hizo, kianzie wapi?

BARAKA: Kwa mwalimu mkuu, kabla hamjachangisha hata shilingi. Yeye ndo ana rejista, anajua nani hajaripoti. Sare kila shule ina rangi yake, msinunue Kariakoo, hela mpeni fundi wa palepale, naye kapoteza wateja. Viatu mwombeni awaandikie namba za miguu. Na mkipata nauli mrudi tena baada ya miezi kadhaa, malori ya misaada yakishaondoka, mfundishe hesabu na kingereza, maana wale watoto wanakutana na mtihani uleule wa taifa kama wenzao wote.

NEEMA: Basi kama chuo chenu mnapanga safari tuandikieni mapema, kabla ya kuanza kuchangisha, tutajaribu kuwaunganisha na walimu wa eneo husika.