Volti Kwanza, Kifaa Baadaye: Kutumia Moduli ya DC-DC kwa Usalama

Karibuni. Hapa mezani nina bodi mbili za moduli ya DC-DC, yaani za kubadilisha volti za umeme wa DC (kama wa betri) kuwa volti nyingine, zote ndogo kuliko kiberiti. Hii kubwa kidogo imebeba chipu ya LM2596, kazi yake kupunguza volti. Hii nyingine ina MT3608, yenyewe hupandisha. Nimeona nyingi zikiungua, na karibu zote ziliungua katika sekunde chache za kwanza baada ya kuwashwa. Kwa hiyo leo nitakwenda polepole kwenye mpangilio wa kuunganisha.

Tuanze na karatasi na kalamu, solda ipumzike kwanza. Tuseme una volti 12 na kifaa chako kinataka volti 5 kwa ampea 2. Hizo ni wati 10. Moduli ikifanya kazi kwa ufanisi wa asilimia 85, itavuta karibu wati 11.8 kutoka kwenye chanzo, yaani takriban ampea 1. Zile wati 1.8 zinazobaki ni joto, na lazima zipate pa kutokea. Regileta (kipunguza volti) ya kawaida, isiyo na koili ya waya uliosokotwa, ingechoma wati 14 kwa kazi hiyohiyo, na ndiyo sababu tunazipenda moduli hizi.

Kwa ya kupandisha, hesabu ni kali zaidi. Ukitaka volti 12 kwa ampea 1 kutoka betri moja ya lithiamu ya volti 3.7, kwa ufanisi uleule wa asilimia 85 upande wa kuingilia unahitaji karibu ampea 3.8. Betri ikishuka hadi volti 3, inakuwa ampea 4.7. Kikomo cha swichi iliyo ndani ya MT3608 ni ampea 4, kwa hiyo hapo umeshindwa kabla hujaanza. Ukisoma tangazo linalosema "ampea 2", uliza: kwa volti ngapi kuingia, na ngapi kutoka?

Sasa tuunganishe ile ya LM2596. Tazama maandishi pembeni mwa bodi: IN+ na IN- ni kuingilia, OUT+ na OUT- ni kutokea. Bodi nyingi za aina hii hazina kinga ya kugeuza chanya na hasi, ukikosea mara moja tu umeiaga. Pima waya za chanzo kwa mita ya umeme kwanza, hata kama rangi zake zinajieleza. Kisha weka fyuzi kwenye waya wa chanya, karibu na betri. Kwa mfano wetu wa kwanza, unaovuta ampea 1 kutoka kwenye chanzo, fyuzi ya ampea 2 inatosha. Betri ikipigwa shoti inaweza kuwasha waya moto, na fyuzi ikikaa mbali, kipande cha waya kati yake na betri hakina ulinzi wowote.

Upande wa kutokea usiunge kitu chochote isipokuwa mita, ikiwa kwenye volti za DC. Washa. Mnaona? Mita inasoma karibu volti 11, ingawa mimi nataka 5. Bodi yangu ya kwanza niliiunganisha moja kwa moja na bodi ya volti 5 bila kupima, nikaamini kwamba imeshapangwa. Harufu ile naikumbuka mpaka leo.

Chukua bisibisi ndogo, zungusha skrubu ya shaba iliyo juu ya kile kiboksi cha buluu cha kurekebishia volti, kinyume cha saa. Mita haisogei? Endelea. Skrubu hii ina mizunguko mingi, na wakati mwingine hupita kumi au zaidi bila badiliko lolote. Wengi hukata tamaa hapa na kudhani bodi ni mbovu. Haya, imeanza kushuka... nane, sita... 5.0. Zima, kisha washa tena uhakikishe imebaki palepale. Kumbuka pia kwamba LM2596 haiwezi kutoa volti 12 kutoka volti 12. Iachie angalau volti 2 za ziada upande wa kuingilia.

Zima, ndipo uunganishe kifaa. Waya za kuingilia ziwe fupi na nene. Moduli huhitaji wati zilezile daima, kwa hiyo volti zikishuka kwenye waya mwembamba, yenyewe huvuta mkondo zaidi, volti zinashuka tena, na kifaa kinawaka na kuzima bila mpango. Waya ndefu zina hatari nyingine: ukichomeka chanzo kikiwa hai kwenye bodi yenye kapasita (vihifadhi chaji) za kauri, volti zinaweza kuruka kwa kitambo hadi karibu mara mbili. Kapasita ya elektroliti ya mikrofaradi 100 kwenye IN+ na IN- hutuliza mruko huo. Angalia chanya na hasi yake.

Mambo mawili msiyasahau. Kwenye MT3608, chanya ya kuingilia hufika kwenye kutokea kupitia koili na diodi (kipande kinachopitisha umeme upande mmoja tu) hata chipu ikiwa imezimwa. Ukipiga shoti kule mbele, chipu haina la kufanya, fyuzi pekee ndiyo itakuokoa. La pili, hasi ya kuingia na ya kutoka ni njia moja kwenye bodi zote mbili. Pale unapotaka pande mbili zitenganishwe kabisa kwa usalama wa mtu, tafuta moduli iliyotengenezwa kwa kazi hiyo.

Sasa iache ifanye kazi nusu saa na mzigo kamili. Usiguse chipu kwa kidole, inaweza kukuchoma, tumia kipimajoto. Mimi LM2596 siipitishi ampea 2 bila bati la kupozea, japo imeandikwa 3. Ikishapoa, dondoshea skrubu tone la rangi ya kucha isisogee kwa mtikisiko, halafu pima volti mara ya mwisho kwenye kifaa chenyewe, kikiwa kinafanya kazi.