Nani Aliifanya Waziristan Kuwa Mpaka?

Assalaam alaykum, na habari za jioni.

Nimeombwa nizungumzie nchi ya Wapashtuni iliyoko mpakani mwa Pakistani na Afghanistani. Nikisema niizunguke yote, kutakucha tukiwa hapa hapa. Kwa hiyo nimechagua kipande kimoja, Waziristan, ambacho nimekisoma kwa miaka mingi. Ipo pia sababu nyingine ya kukichagua, nitaieleza tukifika mahali pake.

Waziristan wengi wetu tumeisikia kwenye taarifa ya habari. Bomu, droni, magaidi. Mtangazaji akitaka kuifafanua kwa maneno mawili husema ni eneo la kikabila lisilotawalika. Neno hilo limenikera kwa muda mrefu. Waziristan ilitawaliwa. Ilitawaliwa kwa sheria iliyochapishwa, yenye vifungu na namba, kwa miaka 117. Kabla hatujaulizana kwa nini watu wake wana bunduki, tuisome kwanza sheria hiyo.

Lakini tuanze na wenyeji. Kabila kubwa ni mbili: Wawaziri na Wamahsud. Wote hujihesabu wajukuu wa babu mmoja, Wazir, kwa hiyo msiposikia vizuri msidhani nazungumzia mawaziri wa serikali. Ni watoto wa ami, na wana neno la kufaa kwa uhusiano huo: *tarbur*. Kwa Kipashto *tarbur* ni mtoto wa ami yako, na ni neno hilo hilo linalotumika kwa mshindani wako, yule mnayegombea naye shamba la babu. Kwenye bonde la mto Tochi wako Wadawar, wakulima. Na juu milimani, katika mji wa Kaniguram, wako Waburki, ambao lugha yao ya asili, Kiormuri, si Kipashto kabisa.

Kaniguram naomba mlikumbuke jina lake. Karne ya 16 aliishi huko Bayazid Ansari, ambaye wafuasi wake walimwita Pir Roshan, yaani pir, sheikh wa tarika, wa nuru. Alikataa enzi ya Akbar, mfalme wa Wamughal waliotawala Uhindi, na aliandika kitabu cha nathari kwa Kipashto, miongoni mwa vya mwanzo kabisa tunavyovijua katika lugha hiyo. Mtu wa Kaniguram wa siku zile hakujiona yuko pembezoni mwa kitu chochote. Delhi ndiyo iliyokuwa mbali.

Sasa ingieni nami katika *hujra*. Neno mnalijua, ni la Kiarabu, chumba. Kwa Wapashtuni hujra ni nyumba ya wanaume ya mtaa mzima: ua, ukumbi, vitanda vya kamba vimepangwa kuzunguka kuta, birika la chai ya kijani, na pembeni pengine rababu imetundikwa msumarini. Mgeni akifika hapelekwi nyumbani kwa mtu, huletwa hujra, na mtaa mzima humlisha. Bwana harusi hushangiliwa hapo. Matanga hukaliwa hapo. Kijana hujifunzia hapo kunyamaza mzee akizungumza. Na ukizuka ugomvi, wazee hukaa hapo, duara, bila kiti cha mwenyekiti, wakazungumza hadi wakubaliane. Hiyo ndiyo jirga. Hakuna anayepiga kura, kwa sababu kura humwacha mtu ameshindwa, na aliyeshindwa hurudi nyumbani na kinyongo.

Wana pia hesabu wanayoiita *nikat*, hesabu ya mababu. Kila ukoo una fungu lake linalojulikana, na fungu hilo hutumika katika faida na katika hasara. Waziristan Kusini, robo tatu ni za Wamahsud na robo moja ni ya Wawaziri wa Ahmadzai. Ikiletwa fidia, itagawanywa hivyo. Ikitozwa faini, italipwa hivyo. Nikat ina kasoro zake, maana familia zimeongezeka na kupungua huku mafungu yamebaki pale pale. Tena hujra na jirga, pamoja na uzuri wake wote, ni mambo ya wanaume, na mwanamke huamuliwa humo bila kusikilizwa. Hilo nalisema wazi kwa sababu wanawake wa Kipashtuni wenyewe wanalisema. Lakini nchi yenye nikat haiwezi kuitwa nchi isiyo na utaratibu.

Tarehe 12 Novemba 1893, mjini Kabul, Sir Mortimer Durand aliyetumwa na serikali ya Uhindi ya Waingereza, na Amir Abdur Rahman Khan wa Afghanistani, walitia saini mapatano mafupi. Mstari uliotokana nayo una urefu wa zaidi ya kilomita 2,600. Uliwakata Wawaziri: wengi wakabaki upande wa Uhindi, wengine, kama wale wa Birmal, wakawa upande wa Amir. Wamohmand nao walikatwa, Washinwari vile vile. Hakuna jirga iliyoulizwa.

Mwaka uliofuata Waingereza walipiga kambi Wana, huko Waziristan Kusini, ili wasindikize tume ya kuupima mstari na kusimika alama. Alfajiri ya tarehe 3 Novemba 1894 Wamahsud, wakiongozwa na Mullah Powindah, waliivamia kambi ile. Vitabu vingi vya wakati ule viliandika kuwa ni ushupavu wa dini. Mimi nasoma jambo rahisi zaidi: watu waliona wageni wenye kamba na vigingi wakiigawa malisho yao.

Kisha ukaja mwaka 1901. Lord Curzon, gavana mkuu wa Waingereza huko Uhindi, aliunda Jimbo la Mpaka wa Kaskazini-Magharibi, na mwaka huo huo ikatolewa Kanuni ya Makosa ya Mpakani. Hapa nitakawia, kwa kuwa ndipo penye kiini cha maneno yangu.

Kanuni hii ilimpa ofisa mmoja, aliyekuwa akiitwa Mwakilishi wa Kisiasa, kazi ya polisi, ya mwendesha mashitaka na ya hakimu kwa pamoja. Kifungu cha 21 kilimruhusu, kabila likionekana lina uhasama na serikali, kuwakamata watu wa kabila hilo popote walipo na kuzuia mali zao. Soma vizuri: watu wa kabila, si mtu aliyefanya kosa. Mmoja akiiba mji wa Bannu, duka la binamu yake linafungwa mji mwingine, Dera Ismail Khan. Kifungu cha 40 kilimruhusu kumfunga mtu hadi miaka mitatu akishindwa kutoa dhamana ya kwamba atakaa kwa amani, bila kosa lolote kuthibitishwa. Wenyeji waliifupisha kanuni nzima kwa maneno matatu ambayo kila Mswahili atayaelewa bila mkalimani: hakuna *apil*, hakuna *wakil*, hakuna *dalil*. Rufaa, wakili, dalili.

Na kifungu cha 33 kinahusu hujra. Ndiyo, hujra ile ile tuliyotoka. Kilisema hujra mpya isijengwe, wala nyumba nyingine isigeuzwe kuwa hujra, bila idhini ya ofisa kwa maandishi. Nilipokisoma mara ya kwanza nilikifunga kitabu nikatoka nje. Aliyekiandika alijua vizuri sana ni wapi watu wale hukutana wakawa watu. Hakuwa mgeni asiyewaelewa.

Jirga nayo waliichukua wakaigeuza. Ofisa aliwateua wazee aliowataka, akawapa posho, uamuzi wao ukawa ushauri tu. Wenyeji wakaanza kutofautisha: kuna *olasi jirga*, ya watu, na kuna *sarkari jirga*. Sarkari na serikali ni maneno ndugu, sina haja ya kufasiri. Kwa hiyo mtu akikwambia jirga ni desturi ya kale iliyoshindwa kutoa haki, muulize anazungumzia jirga ipi.

Hii ndiyo ile sababu yangu niliyoiahirisha. Mimi ni mzaliwa wa Garissa. Babu yangu alihitaji kibali cha maandishi ili atoke Wilaya ya Mpaka wa Kaskazini aende Nairobi. Mwaka 1934 serikali ya kikoloni ya Kenya ilitunga sheria ya Wilaya Maalumu, iliyoruhusu kabila zima kukamatwa na mifugo yake kuzuiwa. Nilipoweka sheria mbili hizo sambamba, niliona mkono mmoja. Na kuna kiungo kingine, cha damu. Desemba 1916, katika milima ya Kibata, nyuma ya Kilwa, kikosi cha 129 cha Baluchi kilipambana na Wajerumani kwenye mahandaki yenye matope. Kikosi hicho, pamoja na jina lake, kilikuwa na Wapashtuni wengi. Waliletwa kufia Kilwa kwa ajili ya dola ambayo kwao mpakani haikuwapa hata wakili.

Vita vya Waingereza huko Waziristan sitavisimulia kimoja kimoja. Yatosha kutaja kwamba kuanzia Machi hadi Mei 1925 walijaribu kuwatiisha Wamahsud kwa ndege peke yake, kwa kupiga mabomu vijiji na malisho. Mwaka 1936 akainuka Mirza Ali Khan, Fakiri wa Ipi, baada ya mahakama ya Bannu kumrudisha kwa jamaa zake msichana wa Kihindu aliyekuwa amesilimu. Mwaka uliofuata walikuwepo wanajeshi wapatao 40,000 wakimtafuta. Hawakumpata. Alifariki kitandani kwake mwaka 1960, na kufikia hapo Waingereza walikuwa wameondoka zamani.

Pakistani ilipozaliwa mwaka 1947 iliondoa jeshi lake Waziristan, na makabila yakaliona hilo kuwa ishara ya heshima. Lakini kanuni ya 1901 ilibaki. Dola ya Kiislamu, yenye mahakama kuu na mawakili waliobobea, iliwaachia raia wake hawa sheria ya mkoloni. Haki ya kila mtu mzima kupiga kura walianza kuitumia mwaka 1997. Kabla ya hapo walipiga kura wazee walioteuliwa tu. Na ilipofika 2011 kanuni ikapunguzwa makali: wanawake, watoto chini ya miaka 16 na wazee wa zaidi ya miaka 65 wasikamatwe tena kwa kosa la kabila. Maana yake, hadi 2011 ilikuwa halali kumkamata mtoto kwa kosa la ami yake.

Katika pengo hilo ndimo walimoingia wapiganaji wa Taliban na al-Qaeda baada ya 2001. Waliwaua wazee kwa mamia. Jeshi likaingia, na Juni 2004 droni ya kwanza ya Marekani ikaua watu karibu na Wana. Tarehe 17 Machi 2011, huko Datta Khel, wazee walikaa jirga mahali pa wazi, mchana, kutatua ugomvi wa mgodi wa madini ya kromaiti. Walikuwa wamekaa duara, kama wakaavyo siku zote. Makombora yakatua katikati yao. Waliokufa wanakadiriwa kuwa 40 hivi. Kwa jicho la kamera iliyo angani, wanaume wengi waliokaa pamoja walionekana ni jeshi. Ni hofu ile ile ya kifungu cha 33.

Mwaka 2014, operesheni ya Waziristan Kaskazini iliwahamisha watu karibu milioni moja, wengi wakashukia Bannu. Waliporudi walikuta mabomu ya ardhini kwenye njia za mbuzi. Januari 2018 kijana wa Kimahsud, Naqeebullah, alipouawa na polisi Karachi, vijana wakaandamana hadi Islamabad wakiongozwa na Manzoor Pashteen. Walidai mabomu yafukuliwe, waliopotea mikononi mwa vyombo vya usalama wafikishwe mahakamani, vituo vya ukaguzi viache kuwadhalilisha wazee. Harakati yao, PTM, yaani Harakati ya Kuwalinda Wapashtuni, ilipigwa marufuku Oktoba 2024. Na mstari wa Durand sasa una uzio wa waya, uliopita hata katikati ya jamaa wa ukoo mmoja.

Mwaka huo huo wa 2018, tarehe 31 Mei, yalitiwa saini marekebisho ya 25 ya katiba, na maeneo yote ya kikabila yakaunganishwa na jimbo la Khyber Pakhtunkhwa. Kanuni ya 1901 ikafikia mwisho. Machi 2019 majaji wakateuliwa. Mahakama ya Waziristan Kusini ikafunguliwa Tank, nje ya Waziristan, katika mji ule ule alikokuwa na ofisi yake Mwakilishi wa Kisiasa. Mtu wa Makin mwenye kesi ya shamba alishuka milima ile yote, akapita vituo vya ukaguzi, ndipo amwone jaji wake wa kwanza.

Karibuni kwa maswali.