Mvinyo wa 2001 Tumeufungulia Mtwara: Majibu kwa Mnaoniuliza Kila Siku

Ndugu zangu wa Kusini, shikamooni wakubwa, wadogo hamjambo. Niko nyumbani likizo, hapa Shangani, na mkisikia feni inapiga kelele mnivumilie, bila feni leo hapakaliki.

Tangu niweke ile video ya stoo ya chini ya nyumba kule Ujerumani, swali ni lile lile. Kaka, zile chupa za vumbi bei gani? Na mimi nikinunua mvinyo wa Dodoma nikaufungia kabatini miaka kumi, utapanda thamani? Wengine hata hamuulizi, mnaandika tu kwamba jamaa kashaanza kujionyesha. Basi naanza na ninyi.

Ile stoo si yangu. Ni ya mwenye nyumba wangu, mzee wa kijiji kimoja bonde la Mosel, mimi nimepanga juu. Kaniachia rafu moja. Hii chupa ya 2001, mvinyo mweupe wa zabibu aina ya Riesling, nilinunua kwa mkulima mwenyewe, euro 14, kama elfu arobaini hivi za huku. Meza moja ya Jumamosi usiku hapa mjini inakula zaidi ya hiyo, na sijasikia mtu akiitwa tajiri. Kilichonimaliza mimi ni karatasi. Muuguzi kutoka kwetu kama mimi, kabla Wajerumani hawajakitambua cheti chako, kila ukurasa utafsiriwe na mtafsiri aliyeapishwa, unalipia. Kijerumani ufike ngazi ya B2, darasa unalipia, mtihani unalipia. Kibali cha kukaa kikikaribia kuisha unaomba miadi, miadi haipatikani, unapewa karatasi ya muda, halafu unaanza kuhesabu kama ukisafiri nayo utarudi salama. Msiseme nalalamika. Nawaambia tu pesa inakopitia, maana kuna shemeji yangu mmoja, hajambo huko aliko, aliiona ile video akanitumia bei ya bati geji 28.

Haya, mvinyo. Nilibeba chupa mbili tu, kwa sababu abiria anaruhusiwa lita 2 za mvinyo bila ushuru, na chupa ni mililita 750. Ya tatu ingeniletea maneno uwanjani. Nikaziacha wima kwenye friji siku kadhaa zitulie na safari.

Tulikuwa wanne. Mwalimu niliyesoma naye Ndanda, jamaa wa biashara ya korosho, na rafiki yetu asiyekunywa, yeye na dafu lake akashika tochi. Kizibo, kile cha gome la mti, cha miaka yote hiyo kilikatika nusu, tukakitoa taratibu. Mwalimu akamulika chini akaona vipande vinameta, akasema chupa imepasuka ndani, mimi sinywi! Si vioo. Ni asidi ya zabibu imegeuka chumvi na kuganda, haina madhara, unamimina polepole vinabaki chini.

Rangi imekuwa dhahabu, na mvinyo mweupe ndivyo ulivyo, unakoza kadiri unavyozeeka, mwekundu ndio unafifia uelekee rangi ya tofali. Halafu ile harufu. Jamaa wa korosho alinusa akaweka glasi mezani: "Mjomba, umetubebea mafuta ya taa?" Kweli kabisa! Riesling ikizeeka inatoa harufu ya mafuta ya taa, ni kitu kinachojitengeneza chenyewe ndani ya chupa, na wanaoupenda ndicho wanachokitafuta. Mdomoni ni kama asali, halafu uchachu unakuja nyuma unaisafisha. Kilevi asilimia 8 tu. Mwalimu alirudia mara ya pili, jamaa wa korosho akasema yeye uraka wa mabibo ya korosho unamtosha, na mimi sikumbishia, msimu wa mabibo ndio huu.

Umeme ukakatika tukiwa katikati. Gesi ya Mnazi Bay iko hapo pua na mdomo, sisi tunakimbizana na ndoo ya barafu. Niishie hapo.

Sasa wewe wa kabatini. Mvinyo mwingi duniani umetengenezwa unywewe ndani ya miaka michache. Unaoweza kukaa una kitu cha kuubeba. Riesling ya Mosel ina uchachu mkali na sukari. Mwekundu una tanini, ule ukakasi unaokausha ulimi, huo huo ulioko kwenye bibo. Miaka ikipita tanini zinashikana zinazama chini kama mashapo, mvinyo unalainika. Ambao hauna hayo hauwi mzee, unachoka tu. Si korosho ghafi hiyo, uiweke ghalani usubiri mnada.

Na hata uwe na chupa ya kukaa, kuna joto. Stoo ya yule mzee imechimbwa ardhini, nyuzi 11 au 12, kiangazi na baridi. Kabati lako la Mtwara au Lindi linafika 30. Mvinyo unatanuka, unasukuma kizibo, hewa inaingia, unaharibika. Chupa ya kizibo pia unailaza, ukiisimamisha miaka kizibo kinakauka. Kwa hiyo mimi, kwa mfuko wangu na nyumba yangu, chupa ya Dodoma nanunua leo nainywa wiki hii. Wewe kama una chumba cha baridi na jenereta, hayo ni yako, sikupangii.

Chupa ya pili msiniulize, tayari ina wenyewe Masasi. Na wa maswali ya visa ya uuguzi, nitawafanyia video yenu peke yake, ila njooni mkijua kwamba nitaeleza yaliyonikuta mimi, na mwenzangu tuliyeanza naye pamoja yake yalikuwa mengine kabisa.