Gari la Umeme, Nyumba Juu ya Jiwe

MASANJA: Mwadila, wasikilizaji. Leo hatuko studio. Tuko barazani kwa dada Kabula, huku Isamilo, mkisikia jogoo msishangae. Tumelifuata gari lake. Miezi minane sasa anaendesha gari la umeme hapa Mwanza, na kila tukimaliza kurekodi huwa ananipa kisa kimoja cha gari hilo tukiwa tumeshasimama mlangoni. Nikasema leo visa hivyo tuvirekodi.

KABULA: Mwadila. Niseme mapema, kaka Masanja, gari nalipenda na siliuzi. Ila nataka mtu anayefikiria kununua asikie mambo ambayo mimi hakuna aliyeniambia. Wote waliniuliza swali moja tu: "Chaji ikiisha njiani utafanyaje?"

MASANJA: Hata mimi nilikuuliza hivyo.

KABULA: Uliniuliza, ndiyo. Na chaji haijawahi kuniishia njiani hata siku moja. Shida zangu karibu zote zimeanzia hapa nyumbani. Kwenye ukuta, kwenye waya, kwenye mita, kwa majirani.

MASANJA: Tuanze na siku ya kwanza basi.

KABULA: Gari limetumika Japani, na waya wa kuchajia uliokuja nalo ni wa umeme wa kwao, volti 200, plagi yake haiingii kwenye soketi zetu. Nikaagiza waya mwingine wa volti 230, wenye plagi ya miguu mitatu. Katikati ya waya huo kuna kiboksi chenye taa. Ulipofika nikachomeka sebuleni. Taa nyekundu. Nikahamia jikoni, nyekundu. Chumbani, nyekundu vilevile. Na friji inawaka, pasi inapata moto, televisheni inaonyesha. Nikajua nimeuziwa kiboksi kibovu.

MASANJA: Kumbe?

KABULA: Kumbe kiboksi kizima kabisa. Kabla hakijaruhusu umeme kwenda kwenye gari kinapima kwanza kama nyumba ina athi, yaani ule waya wa kwenda ardhini, na kama unafanya kazi. Friji haina habari na hilo, itawaka tu. Gari halikubali. Sasa nyumba hii unaiona imekaa juu ya nini.

MASANJA: Jiwe. Limetokeza mpaka chini ya ngazi.

KABULA: Basi aliyefunga umeme zamani alipiga fimbo ya shaba ardhini, ikaingia kama kiganja kimoja, ikagonga jiwe. Akaikata juu, akamwaga zege. Ukiangalia kwa macho, athi ipo. Umeme ukivuja hauna pa kwenda. Nimekaa hapa miaka sita, kaka. Wanangu wanaoga kwenye shawa ya maji moto ya umeme kila asubuhi.

MASANJA: Aisee. Hapo tumeshatoka kwenye habari ya gari.

KABULA: Tumetoka kabisa. Ndiyo maana hata ile taa nyekundu nimeacha kuihesabu kama kero. Lakini fundi wa kwanza niliyemwita, unajua alitaka kufanya nini? Alitaka kuchukua kipande cha waya, ndani ya soketi, aunganishe nyutro, ule waya unaorudisha umeme, na tundu la athi. Akaniambia, "Dada, hapo kiboksi kitaona athi, utachaji leo leo."

MASANJA: Na kweli kingeona?

KABULA: Kingeweza kuona, na taa ingewaka kijani. Ila siku nyutro ikichomoka mahali, iwe kwenye nguzo au kwenye mita, bodi nzima ya gari inakuwa na umeme wa volti 230. Mtoto akishika mlango wa gari miguu ikiwa chini kwenye tope, tunaongea mengine. Nilimlipa nauli yake nikamwomba aondoke. Na nasema hapa wazi, msikilizaji yeyote akiambiwa hivyo na fundi, akatae. Ni njia ya mkato inayoua.

MASANJA: Sasa kwenye jiwe unafanyaje? Maana nusu ya Mwanza tunaishi juu ya mawe. Mabatini, Igogo, Bugando huko juu.

KABULA: Unaufuata udongo ulipo. Fundi wa pili, mzee mmoja mtulivu, hakugusa hata bisibisi. Alizunguka uani akichomachoma chini na nondo. Akafika kwenye migomba kule bondeni mwa kiwanja, maji ya kuogea yanakotokea, akasema hapa. Tukachimba mtaro kutoka nyumbani hadi kwenye migomba, tukalaza waya mtupu wa shaba, mwisho wake akapiga fimbo mbili zikazama zote. Akazungushia mkaa na chumvi, akafukia, akapima na mita yake. Jioni nikachomeka. Kijani. Nilikaa hapa hapa barazani nikiitazama ile taa mpaka giza likaingia.

MASANJA: Baada ya hapo mambo yakanyooka.

KABULA: Kwa wiki mbili. Halafu soketi ikababuka. Soketi ya nyumbani imeandikwa ampia 13, lakini haikutengenezwa ibebe mzigo huo usiku kucha. Pasi unaitumia dakika ishirini unaichomoa. Gari linavuta saa nane, saa tisa, mfululizo. Nilisikia harufu ya plastiki saa saba usiku. Na hiyo bila ekstensheni. Mtu anayechaji kwa ekstensheni ile nyembamba ya duka la jirani, aliyoizungusha kama kamba ya ng'ombe, namwonea huruma, ile iliyozungushwa ndiyo inayopata moto zaidi. Mzee akarudi, akavuta waya wa milimita 4 peke yake kutoka kwenye bodi ya umeme, na breka yake peke yake, hauchangii na kitu kingine. Na kiboksi nikakishusha hadi ampia 10.

MASANJA: Ampia 10 ni mwendo wa kobe, au?

KABULA: Ni kama kilowati 2.3. Betri yangu ilipokuwa mpya ilikuwa ya kilowati-saa 40, yaani uniti 40 za mita. Kuijaza kutoka sifuri ni saa 18 hadi 20. Lakini sijazi kutoka sifuri, naongeza niliyotumia. Kutoka saa nne usiku hadi saa kumi na mbili asubuhi mita inasoma uniti 18, na hizo zinanitembeza kilomita 90 hivi. Mimi kwa siku nazunguka 40. Tatizo ni usiku umeme unapokatika. Umelala ukijua unachaji, unaamka asubuhi unakuta ulikatika saa tano. Siku hizi nikisikia feni imenyamaza nashtuka usingizini.

MASANJA: Hebu ya majirani. Hiyo ndiyo niliyoingojea.

KABULA: Hiyo iliniumiza zaidi ya soketi. Tuko wapangaji watatu, LUKU moja. Tulikuwa tunachanga sawasawa, hakuna anayehesabu. Elfu kumi inakupa uniti 28, ukiacha siku ile ya mwezi inapokatwa kodi ya jengo. Mimi kwa zile kilomita 40 natumia uniti 8 kwa siku, chini kidogo ya shilingi 2,900. Kwangu mimi nafuu kubwa, ukilinganisha na nilichokuwa naacha kwenye mafuta. Lakini kwa mama wa nyumba ya nyuma, mwenye taa tatu na redio, LUKU imeanza kuisha kila baada ya siku tatu. Hakusema kitu. Alikuwa akinunua tu, kimya kimya. Mpaka binti yake akaniambia kwamba mama ameacha kupiga pasi sare za shule, anabana umeme.

MASANJA: Jamani.

KABULA: Nilienda kwake jioni ile ile. Nikamwomba radhi, nikamrudishia ya miezi miwili nilivyokadiria, na nikafunga mita ndogo kwenye ule waya wa gari. Kila Jumapili tunaisoma wote watatu, naandika kwenye daftari, nalipa uniti zangu. Mama mwenye nyumba naye akaridhika. Kwa hiyo ukinunua gari hili na unaishi kwenye LUKU ya kuchanga, mita ndogo iwepo kabla gari halijafika.

MASANJA: Mambo madogo madogo ya barabarani je? Kijapani?

KABULA: Dashibodi yote Kijapani. Redio, saa, ratiba ya kuchaji. Natumia kamera ya simu kunitafsiria, nimeshakariri vitufe. Na ukimya wake. Pale Mwaloni Kirumba, mtu ana beseni la dagaa kichwani, hasikii kitu nyuma yake. Kuna kamlio kadogo gari likienda polepole, lakini kwenye kelele za Mwaloni hakasikiki. Naenda mwendo wa miguu na kioo kiko wazi, nasema "samahani, mama, napita."

MASANJA: Na hiki kilima chenu?

KABULA: Eeh, hiyo hakuna anayeijua mpaka aishi juu. Gari la umeme likishuka linajizuia lenyewe, mota inageuka kuwa jenereta, unarudisha chaji kidogo. Lakini ukitoka nyumbani betri imejaa pomoni, haina nafasi ya kupokea. Unaachia mguu pale kwenye mteremko, gari linaserereka tu, siyo ulivyozoea. Breki za kawaida zipo, ila moyo unaruka. Kwa hiyo anayeishi juu asijaze. Mimi naishia asilimia 85, mteremko unamalizia kidogo.

MASANJA: Kuna siku ulinipigia asubuhi, gari limekufa kabisa.

KABULA: Limekufa, na betri kubwa ina asilimia 70! Kumbe ndani kuna betri nyingine ndogo ya volti 12, kama ya gari lolote. Hiyo ndiyo inayoamsha kompyuta. Ikilala, ile kubwa haifunguki. Kijana wa gereji alikuja, akafungua boneti, akasimama. Namheshimu sana yule kijana, maana alisema, "Dada, hili silijui, nionyeshe pa kutogusa." Nikamwonyesha nyaya nene za rangi ya chungwa. Hizo zina volti kama 350, si za fundi wa kawaida. Akabusti betri ndogo kutoka kwenye gari la jirani, likaamka. Dakika kumi. Betri mpya ya aina hiyo nikainunua mjini kesho yake, dukani, kawaida tu.

MASANJA: Sasa safari. Daraja la Kigongo–Busisi lipo tangu Juni 2025, kilomita 3 unavuka bila kungoja kivuko. Umeshavuka nalo?

KABULA: Hadi Sengerema, kama kilomita 60, na kurudi, bila kuchaji. Betri yangu imechakaa kidogo, inanipa 170 nikienda 80 kwa saa. Zamani, kwenye kivuko, ungepumzika foleni. Sasa barabara inakuvuta ukimbie, na ukifika 100 unaiona asilimia inavyoshuka. Geita ndiyo sijaenda. Kwenda nafika, kurudi lazima nichaji. Na hata kikiwekwa kituo cha kuchaji haraka, nitauliza kwanza kina mdomo gani. Langu ni CHAdeMO, ya Wajapani. Magari ya Ulaya yana mdomo mwingine, ya Kichina mwingine.

MASANJA: Kwa hiyo Geita unaiacha?

KABULA: Naenda mwezi ujao, nalala kwa shangazi, nachaji kwake usiku. Nilimpigia jana. Akaanza kuniuliza nitakula nini, nikamwambia, "Shangazi, chochote. Hebu toka nje kwanza uniangalizie pale mita ilipo, kuna waya wa shaba unaingia ardhini?" Akatoka na simu. Nikamsikia anaita wajukuu waje na tochi. Akarudi akasema waya upo, umeingia kwenye zege.

MASANJA: Kwenye zege.

KABULA: Kwenye zege. Nikamwambia asiwashe shawa mpaka fundi aje.