Mwalimu Festo, Kabla Hajawa Askofu

Bwana Yesu asifiwe. Mbukwenyi, wazee wangu.

Nimepewa nusu saa nimzungumzie marehemu Festo Kivengere, na nimemwomba Mchungaji wetu aniruhusu nisimwite askofu, walau kwa sehemu kubwa ya maneno yangu. Waganda wana haki ya kumwita hivyo, maana walimpa kiti cha askofu wa Kigezi, kusini-magharibi mwa Uganda, mwaka 1972. Sisi wa Dodoma tulimpata zamani kuliko hapo, akiwa mwalimu wa shule. Hakuwa na kola, hakuwa na joho, na kanisani alikaa kwenye benchi kama ninyi. Ukasisi aliupata mwaka 1967, umri wake unakaribia miaka hamsini.

Alizaliwa Kigezi mwaka 1919. Vita Kuu ya Pili ilipokwisha akaja huku na mkewe, Mama Mera, kufundisha Alliance. Vijana wengi jina hilo hamlijui. Ni ile shule iliyokuja kuitwa Mazengo, kwa heshima ya mtemi wetu wa Mvumi, na tangu mwaka 2007 ndipo kilipo Chuo Kikuu cha Mtakatifu Yohana. Pale pale mnapochukua vyeti vyenu. Alikaa Dodoma zaidi ya miaka kumi, na Kiswahili akakishika barabara, hata mwaka 1960 Billy Graham, mhubiri maarufu wa Marekani, alipohubiri Moshi, aliyesimama kando yake kumtafsiria ni huyu mwalimu wetu.

Naomba tusimwone kama mgeni aliyepita njia. Tumezoea kusema mmisionari, na papo hapo tunamwona Mzungu mwenye kofia. Huyu alikuwa Mwafrika mwenzetu kutoka Kigezi, ameiacha nchi yake yenye mvua na ndizi, akaja kwenye nchi ya ukame, uwele na mlenda, kwa ajili ya watoto wa watu wengine. Kanisa la Afrika Mashariki lilikuwa limeanza kutuma wamisionari wake lenyewe. Naona hilo hatulisemi vya kutosha.

Alichokuja nacho zaidi ya chaki kilikuwa uamsho. Wazee mnawakumbuka Walokole, yaani waliookoka, watu wa uamsho ule: wakikutana stesheni wanaanza Tukutendereza, wimbo wao wa sifa wa Kiganda, kabla hata ya salamu. Kwao kuokoka kulikuwa na kazi moja ngumu, nayo ni kutembea nuruni. Maana yake ukimkosea mtu unamwendea, unalitaja kosa kwa jina lake, unaomba radhi.

Mwalimu Festo aliianza kazi hiyo mapema, kabla hajaja kwetu. Alipookoka, akiwa kijana wa kama miaka ishirini na kitu, moyoni mwake kulikuwa na chuki kwa mmisionari mmoja Mwingereza. Alipanda baiskeli akaenda maili 50 kumwomba radhi. Maili 50 ni kilomita 80. Chukua baiskeli hapa mjini uende mpaka Kongwa, kisha ufikirie kwamba mwisho wa safari hakuna mzigo wa kuuza wala harusi ya kuhudhuria, kuna mtu mmoja tu usiyempenda, nawe unakwenda kumwambia kwamba humpendi na unajuta. Na wakati ule Mwafrika hakuwa na deni lolote mbele ya mkoloni. Chuki ile wengi wetu tungeiita ya haki. Yeye aliona kwamba hata ikiwa ya haki, inamla aliyeibeba.

Nitawaeleza kwa nini jambo hili linanigusa. Marehemu baba yangu alikuwa mtu wa ule ushirika wa uamsho. Nikiwa na miaka tisa alinichapa kwa mbuzi aliyepotea, kumbe mbuzi alikuwa amefunguliwa na mtu mwingine. Usiku akaja na koroboi, akapiga goti kwenye ngozi niliyolalia, akasema, "Mwanangu, leo nimekukosea. Nisamehe." Nilishindwa kujibu. Kwetu baba haombi radhi kwa mtoto, hasa baba wa Kigogo wa zama zile. Nilikwenda kumuuliza mama kama baba anaumwa. Mama akacheka, akasema huo ndio wokovu wao.

Mwalimu Festo mwenyewe alikuwa akisimulia jinsi alivyogombana na Mera, naye anatakiwa kwenda kuhubiri muda mfupi baadaye. Akasikia rohoni kwamba arudi apatane kwanza na mkewe. Akajitetea kuwa muda umebana. Jibu alilopata lilikuwa kwamba vyema, aende akahubiri, Bwana atabaki nyumbani na Mera. Akarudi jikoni. Wachungaji wangu, ninyi mnayajua mambo haya kuliko mimi, lakini mhubiri wa kiwango chake kujianika hivyo mbele ya umati, tena mara kwa mara, si jambo dogo.

Hakuwa peke yake. Mwenzake alikuwa Yohana Omari, ambaye mwaka 1955 aliwekwa wakfu, Mwafrika wa kwanza kuwa askofu wa Anglikana Tanganyika. Mwaka 1959 wawili hao walikwenda Australia kuhubiri. Australia, nchi iliyotutumia wamisionari katika dayosisi yetu hii, ikawapokea wahubiri kutoka Dodoma!

Sasa nifike kwenye lile gumu. Tarehe 16 Februari 1977 Askofu Mkuu wa Uganda, Janani Luwum, aliuawa na utawala wa Idi Amin. Kivengere na Mama Mera walitoroka usiku kwa miguu, wakipanda milima mpaka Rwanda. Baadaye akatoa kitabu, na kichwa chake kinasema anampenda Idi Amin. Mimi nililisikia jina la kitabu hicho baada ya vita vya Kagera. Sisi Amin tulimwita nduli. Kaka yangu alikwenda Kagera hakurudi. Kwa kweli nilikasirika, nikaona huyu mzee ametutukana.

Nilichukua miaka mingi kuelewa. Kivengere alieleza kwamba uchungu ulimjaa naye, mpaka Ijumaa Kuu ya mwaka ule wa 1977, akiwa London, yale maneno ya msalabani ya "Baba, uwasamehe" yakamkaba. Hakusema Amin hana hatia. Alikataa kubeba chuki ya Amin kifuani. Nami naamini msamaha ule haukuzaliwa London. Ulikuwa na miaka zaidi ya thelathini ya mazoezi nyuma yake: baiskeli, jikoni kwa Mera, na ile miaka ya hapa kwetu, asubuhi kwa asubuhi, katika bweni na darasa, ambako hakuna aliyemwandika gazetini.

Alirudi Uganda mwaka 1979, akafariki Nairobi Mei 1988.

Kuna jambo moja ninaomba kabla sijakaa. Mtu aliyekaa darasani kwake leo ana miaka themanini na zaidi. Kama yupo humu, au yupo babu nyumbani kwenu, msitusubirishe mpaka siku ya mazishi yake. Naona pale nyuma kuna mzee ameinua fimbo. Vijana, mshikeni mkono, mleteni mbele. Mpeni kiti changu, na hicho kipaza sauti.