Mlio wa Baada: Mhadhara juu ya Efterklang na Vyumba Vyake

Mwenyekiti, walimu wenzangu, na ninyi wanafunzi mliokosa viti na bado hamjaondoka, nawashukuru.

Walionisikia mwaka jana wanajua ninakoelekea, na naona wawili watatu wameshaanza kutazamana. Nitalirudia jambo hili hadi siku nitakapoacha kukutana na hukumu ile ile juu ya kundi la Efterklang la Denmark, kwamba ni kundi lisilo na msimamo, ambalo katika albamu moja huita kwaya na matarumbeta, katika nyingine hupiga pop ya kawaida, na katika ya tatu hujifungia na ala za kale za Ulaya, kama mtu anayebadili nguo kila akitoka nyumbani. Hoja yangu ni kwamba watu hawa wamekuwa wakifanya kazi moja tangu walipoanza mwaka 2000, nayo ni kutafuta chumba cha kuimbia, na kwamba ukisikiliza chumba kabla ya kusikiliza wimbo, albamu zao hujipanga zenyewe katika mstari mmoja.

Tuanze na jina, maana hapo ndipo tafsiri inapotupoteza. Wengi huligeuza kuwa mwangwi. Mwangwi kwetu ni sauti iliyotoka, ikagonga mlima au ukuta, ikamrudia mwenyewe; ni safari ya kwenda na kurudi. Neno la Kidenmark limeundwa kwa vipande viwili, efter, yaani baada ya, na klang, yaani mlio, na kinachotajwa humo ni kile kinachobaki hewani mlio wenyewe ukishakwisha. Nitaigonga glasi hii kwa kalamu. Kile kishindo kidogo cha kwanza mmekisikia wote, nacho hakituhusu. Kinachotuhusu ni ule uzi mwembamba uliofuata, ulioendelea kupungua hadi bwana wa safu ya nyuma alipokohoa, na ambao katika ukumbi wenye dari ya juu zaidi na watu wachache zaidi ungekuwa uzi mwingine kabisa. Glasi ni hii hii. Chumba ndicho kilichotia mkono. Kundi lililojiita kwa jina hilo lilikuwa limeshatueleza kazi yake, ila hatukusikiliza.

Casper Clausen, Mads Brauer na Rasmus Stolberg walifahamiana tangu utotoni katika kisiwa cha Als, kusini mwa Denmark, kisha wakahamia Copenhagen. Historia hiyo mnaijua na sitaipitia. Albamu yao ya kwanza, Tripper ya mwaka 2004, ilitolewa na lebo, yaani kampuni ya muziki, ya Leaf ya Uingereza, na chumba chake ni kidogo mno, maana ni chumba cha kompyuta. Mnasikia michakacho ya kielektroniki kama mchele unaopepetwa kwenye ungo, ala za nyuzi zinazoingia polepole, na sauti za wanaume na wanawake zilizowekwa nyuma kabisa, kana kwamba waimbaji wako upande wa pili wa ukuta na wanachelea kuwaamsha majirani. Clausen, mwimbaji wao, yumo, lakini huwezi kumnyooshea kidole.

Miaka mitatu baadaye, katika Parades, ukuta ukavunjwa na kijiji kizima kikaingia. Albamu ile iliwachukua takribani mwaka mmoja na nusu, na waliopita mbele ya maikrofoni walizidi 30, wakiwamo wapiga ala za nyuzi, wapuliza matarumbeta na wanakwaya. Mwaka 2008 waliipiga yote jukwaani pamoja na okestra ya chemba ya taifa la Denmark, na rekodi ya onyesho hilo ikatoka mwaka uliofuata. Wapo wanaoishia hapo na kusema kwamba hiyo ndiyo Efterklang halisi, na kwamba yaliyofuata ni kushuka ngazi. Nawaomba watu hao waisikilize tena, wakimtafuta mwimbaji. Hajajitokeza bado. Amehamishwa tu kutoka nyuma ya ukuta hadi katikati ya umati, na kujificha katikati ya umati ni rahisi zaidi.

Magic Chairs ya mwaka 2010 ndiyo iliyoleta ugomvi. Ilitoka chini ya lebo ya 4AD, ina nyimbo zenye viitikio vinavyoshikika, piano na ngoma ziko mbele, na kwa mara ya kwanza Clausen anaimba kama mtu mwenye jina. Ikasemwa kwamba wamejiuza. Wamemuuzia nani, na kwa bei gani? Kundi lililozunguka na Parades kwa miaka lilikuwa limezoea chumba kingine, yaani jukwaa, likaandika nyimbo zinazokaa vizuri jukwaani. Nakiri kwamba naisikiliza mara chache kuliko nyingine, lakini huo ni udhaifu wangu, na sitausingizia muziki.

Tena, waliomaliza na Magic Chairs wakidhani kwamba kundi limeingia kwenye duka la pop na kufunga mlango, hawakuona kilichofuata mwaka ule ule. Agosti 2010 walirudi Als pamoja na mwongozaji filamu Mfaransa, Vincent Moon, wakapiga nyimbo zao pamoja na wanamuziki wa kisiwani, watoto, na wazazi wao wenyewe. Filamu hiyo, An Island, haikupelekwa kwanza kwenye majumba ya sinema. Mwaka 2011 mtu yeyote aliruhusiwa kuionyesha mahali pake, mradi akubali kuingiza watu wasiopungua watano na asitoze kiingilio, na maonyesho ya namna hiyo yalipita 1,000. Nawauliza wale wa hukumu ya kutokuwa na msimamo: kundi linalotaka filamu yake ionwe katika sebule zaidi ya 1,000 linawaza nini, kama si chumba?

Sasa tufike Piramida, albamu ya mwaka 2012, na mwenyekiti anisamehe, kwa sababu hapa ndipo saa yangu huwa inakwama.

Katika visiwa vya Svalbard, mbali kaskazini mwa Norwei, upo mji wa wachimba makaa ya mawe uitwao Pyramiden, kwa ajili ya mlima wenye umbo la piramidi unaouinamia. Waswidi waliuanzisha mwaka 1910 na Wasovieti wakaununua mwaka 1927. Wakajenga majengo ya ghorofa, bwawa la kuogelea na ukumbi wa utamaduni, wakasimamisha sanamu ya Lenin, kisha mwaka 1998 mgodi ukafungwa na watu wakaondoka. Agosti 2011 watatu hawa walikwenda huko na vinasa sauti vyao, wakakaa siku tisa, wakilindwa na bunduki kwa sababu ya dubu weupe, nao wakarudi na sauti zaidi ya 1,000. Waligonga tangi la mafuta lililokuwa tupu. Waligonga kioo cha taa. Walirekodi nyayo juu ya njia ya mbao inayokatiza mjini. Katika ukumbi wa utamaduni waliikuta piano kubwa ambayo husemwa kuwa iko kaskazini kuliko zote duniani, wakachukua mngurumo wake baada ya miaka mingi ya baridi.

Magazeti yaliipenda habari hii, na ndiyo maana naikasirikia. Yaliandika juu ya dubu, juu ya sanamu na juu ya mizimu ya Wasovieti, yakaitendea safari ile kama picha ya jalada, halafu yalipofika kwenye muziki yakasema kwamba ni wa huzuni. Hebu tuukaribie. Wimbo wa kwanza, Hollow Mountain, unafunguliwa kwa vitone vya chuma, vyepesi, kama zumari lililosahau kwamba ni la kupulizwa. Vitone hivyo vilitoka kwenye tangi kubwa la mafuta lenye vyuma vilivyochomoza kama miiba. Kila mwiba ulikuwa na sauti yake, na sauti hizo hazikupangwa na fundi wa ala. Zilipangwa na fundi wa kuchomelea aliyekuwa akiwaza mafuta. Ndiyo maana, zikiwekwa karibu na ala nyingine, huwa zimepishana nazo kidogo, kiasi cha kukufanya usogeze sikio. Wimbo mzima ulilazimika kulifuata tangi.

Mwanafunzi mmoja, ambaye leo hayupo na kwa hiyo nitamsema, aliwahi kuniambia kwamba sufuria ya mama yake ingetosha, na kompyuta ingeongeza mvumo wa ukumbi wowote anaoutaka. Ni kweli kwamba kompyuta ingeongeza. Lakini sufuria ya mama ingetoa sauti ya jiko la mama, na hiyo ingekuwa albamu nyingine, pengine nzuri, ambayo namsihi aitengeneze badala ya kunisumbua na hii. Mwingine alikuja na pingamizi lenye meno zaidi. Alisema kwamba watu hawa waliporudi Berlin walikaa miezi na sauti zile, wakazikata, wakazinyoosha na kuzipika hata nyingi hazitambuliki, na kwamba msikilizaji asiyejua habari za Svalbard hawezi kujua kama anasikia tangi au kinanda cha umeme. Safari ilikuwa ya nini basi?

Jibu langu ni kwamba safari ile isitafutwe kwenye tangi peke yake. Itafuteni kooni mwa Clausen. Katika Parades alikuwa akiimba ndani ya kundi, na katika Magic Chairs akiimba juu ya kundi. Katika Piramida anaimba chini, kwa sauti nzito, bila haraka, na kati ya mstari na mstari anaacha nafasi ambayo hapo awali ingejazwa na matarumbeta. Anaimba kama mtu aliyeingia katika ukumbi mtupu, akasema neno moja ili ajue ukubwa wake, akangoja. Kwaya imo bado, kwaya ya wasichana kutoka kusini mwa Denmark, lakini imekaa mbali, mahali ambapo wakazi wa mji wangekuwa wamekaa. Hayo hayakutoka kwenye kompyuta ya Berlin. Ni adabu ya uimbaji aliyojifunza mtu aliyekaa siku tisa mahali ambapo kila mlio ulisikika hadi mwisho wake, kwa kuwa hapakuwa na mlio mwingine wa kuufunika.

Mnaweza kunirudi kwa kusema kwamba albamu hii ya mji mtupu ilifunguliwa Mei 2012 ndani ya Sydney Opera House, na okestra ya simfoni ya Sydney nyuma yao. Sawa. Mji mtupu ulipelekwa kwenye ukumbi uliojaa, na ukabaki mtupu. Anayeona hilo ni dogo ajaribu kunyamazisha okestra.

Naona karatasi ya mwenyekiti, nami nitakwenda mbio. Tarehe 26 Februari 2014 walipiga Sønderborg, karibu na nyumbani kwao, onyesho waliloliita la mwisho, na wengi tukaamini tumezika. Mwaka uliofuata walikuwa chini ya jengo lililokuwa hospitali mjini Copenhagen, wakiimba opera pamoja na mtunzi Karsten Fundal, nanyi mmeshajua nitasema nini juu ya chumba hicho. Kundi lao jingine, Liima, nimelitoa kwenye mhadhara huu, ingawa halikustahili.

Siwezi kuitoa Altid Sammen ya mwaka 2019, iliyotungwa kwa ushirikiano na kundi la B.O.X la Ubelgiji, wapigaji wa zile ala za kale za Ulaya, za enzi ya baroki. Mojawapo ya ala zao ni tiyorbo, ambayo shingo yake ni ndefu kama kasia, na ambayo kwa upande wa ukoo ni mjukuu wa udi huu huu wa taarabu, maana Ulaya iliupokea udi kutoka kwa Waarabu pamoja na jina lake. Humo Clausen anaimba Kidenmark albamu nzima, kwa mara ya kwanza. Ukuta haupo, umati haupo, jukwaa halipo, hata lugha ya kigeni aliyojikinga nayo miaka 15 haipo. Kuna nyuzi chache na mtu mmoja aliyesogea hadi anasikika akivuta pumzi. Yule yule ambaye katika Tripper hatukuweza kumnyooshea kidole.

Nilikuwa na kurasa mbili juu ya Windflowers ya mwaka 2021, na nyingine juu ya albamu ya mwaka 2024, ambamo Rune Mølgaard, mpiga piano wao wa siku za mwanzo, alirudi kutunga nao. Nitazikunja. Dakika mbili nilizobakiwa nazo nazitaka kwa ajili ya Hollow Mountain, mwanzo wake tu, hadi pale ngoma zinapoingia. Feni hii nayo ina sauti yake, kwa hiyo naomba aliye karibu na swichi aizime. Na bwana wa safu ya nyuma, kama kuna kikohozi kilichobaki, naomba kitoke sasa.